Mnanaa wa Paka Bustanini: Dalili, Visababishi na Namna ya Kurekebisha

Mnanaa wa paka ukidhoofu, wengi wetu hukimbilia kuongeza kitu: maji, samadi, mbolea ya dukani. Matatizo mengi yanayoulizwa kuhusu mmea huu yameanzia hapo hapo, kwenye kuongeza. Asili yake ni kingo za njia, miteremko ya mawe na viwanja vilivyoachwa wazi vya Ulaya ya kusini na mashariki, Mashariki ya Kati na Asia ya Kati. Huko udongo ni mwepesi na jua halizuiliwi na kitu. Kwa hiyo, kabla hujaongeza chochote, tafuta kwanza cha kupunguza.

Mwongozo huu unafuata dalili. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea mara nyingi kinatangulia, na ukaguzi wa macho na vidole unatangulia dawa.

Kwanza: una mmea upi?

Jina hili hutumika kwa mimea miwili, na baadhi ya malalamiko huisha mara tu unapoitofautisha. Wa kwanza ni *Nepeta cataria*. Hufika sentimita 60 hadi 90, shina lake lina pembe nne, majani yanatazamana mawilimawili, yana umbo la moyo, kingo zenye meno na manyoya laini ya kijivu. Maua ni meupe yenye vidoa vya zambarau. Huu ndio paka wanaougombania, na ndio unaokaushwa kwa ajili yao na kwa ajili ya chai.

Wa pili ni *Nepeta × faassenii*, chotara wa mapambo. Majani yake ni madogo zaidi, maua ni ya zambarau inayoelekea buluu na hufunika kichaka kizima, nyuki hawabanduki. Paka wengi huupita tu, ingawa wapo wanaoulalia. Chotara huyu hazai mbegu zenye uhai. Huzalishwa kwa vipandikizi au kwa kugawa shina mama. Ukinunua pakiti ya mbegu yenye jina lake, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani ni *Nepeta racemosa*, mmoja wa wazazi wake, na miche itatofautiana kwa kimo na rangi. Hilo si kosa la udongo wako.

Kama shina ni la mviringo na majani hayanuki hata ukiyafikicha, mmea ulio nao si mnanaa wa aina yoyote. Usiunywe.

Majani yanageuka njano, mmea unanyauka

Ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili, karibu sentimita 5. Usifanye jambo jingine lolote kabla ya hapo, kwa sababu mmea uliozidiwa maji na mmea wenye kiu hunyauka kwa sura ileile, na ukikosea utaumaliza kwa kopo moja la maji.

*Udongo umelowa na mmea umenyauka.* Hii ndiyo hali ya kawaida zaidi. Mizizi iliyokaa majini hukosa hewa, kisha vimelea vya kuoza huingia. Majani ya chini huwa njano kwanza, shina huwa laini karibu na ardhi, na udongo hunuka uvundo. Acha kumwagilia. Kama mmea uko kwenye chungu, ukatoe taratibu utazame mizizi: iliyo hai ni myeupe au ya rangi ya krimu na ni migumu, iliyooza ni ya kahawia, telezi, na ukiivuta ganda lake huchomoka likaacha uzi. Kata yote iliyooza kwa kisu safi, punguza matawi kwa nusu ili mizizi iliyobaki isilemewe, pandikiza kwenye udongo mpya mkavukavu uliochanganywa na mchanga wa chembe kubwa. Kama zaidi ya nusu ya mizizi imekwenda, usipoteze muda kuuguza shina mama. Kata ncha zenye afya uzifanye vipandikizi, maana ndizo zitakazookoka.

Hapa niseme jambo kuhusu changarawe chini ya chungu, kwa kuwa linashauriwa kila mahali. Haisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo wenye chembe ndogo kwenda kwenye mawe. Hubaki yamening'inia juu ya tabaka la mawe, na eneo lenye unyevu linasogea juu, karibu zaidi na mizizi. Kinachosaidia ni tundu lisiloziba, chungu kisichokaa ndani ya sahani yenye maji, na udongo mwepesi kuanzia juu hadi chini. Kipenyo cha sentimita 25 hadi 30 kinatosha mmea mmoja. Chungu kikubwa mno nacho kina hasara yake, kwani udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji siku nyingi.

*Udongo umelowa kila mara ingawa humwagilii.* Tatizo ni bustani yenyewe: mfinyanzi, bonde, au bomba linalovuja. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Yakibaki kwa saa nyingi mara ya pili, usijaribu kurekebisha shimo moja la kupandia kwa kulijaza udongo mzuri. Litakuwa beseni la kukusanyia maji. Inua tuta la sentimita 20 au zaidi, upande juu yake. Maji yakiendelea kujaa bila mvua, simamisha upanzi, umwite fundi bomba kwanza.

*Udongo ni mkavu na mmea umenyauka.* Mwagilia polepole mpaka maji yatoke chini, kisha usirudie mpaka sentimita chache za juu zikauke. Mmea uliopandwa karibuni unahitaji uangalizi huu kwa wiki kadhaa. Ulioshika mizizi ardhini huvumilia ukame vizuri.

*Unanyauka mchana, jioni umesimama.* Si ugonjwa. Ni joto. Uache.

*Majani ya njano, udongo uko sawa, hakuna uvundo.* Angalia kama ni majani ya chini tu kwenye kichaka kilichosongamana. Hayo yamekosa mwanga. Kama ni majani machanga yenye mishipa ya kijani na nyama ya njano, kuna uwezekano udongo una chokaa nyingi kiasi cha kuzuia madini ya chuma. Mmea huu hukubali pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ya kama 6 hadi 7.8, kwa hiyo pima kabla ya kumwaga chochote. Na kama chungu kina ukoko mweupe juu ya udongo, hizo ni chumvi za mbolea: mimina maji mengi safi yapite mpaka chini, kisha sahau mbolea kwa msimu huo.

Ukiona majani yenye mabaka ya njano na kijani yaliyokunjamana, yanayoendelea kutokea kwenye kila chipukizi jipya, fikiria virusi. Havitibiki. Ng'oa mmea, usiutie kwenye mboji, safisha mkasi kwa spiriti, na kama mimea ya jirani nayo inaonyesha hivyo, mwonyeshe ofisa ugani sampuli kabla ya kupanda tena hapo.

Kichaka kimelala, katikati pamebaki wazi

Mmea unapanda vizuri, unachanua, halafu siku moja mashina yanagawanyika na kulala pande zote kama yamekaliwa. Mara nyingine yamekaliwa kweli, na paka. Usipoona majani yaliyotafunwa wala manyoya, sababu ni moja kati ya hizi, kwa mpangilio wa uwezekano.

Lishe imezidi. Naitrojeni hurefusha shina kuliko uwezo wake wa kujibeba. Kiganja kimoja cha mboji mwanzoni mwa ukuaji kinatosha mmea wa ardhini, na udongo ulio mzuri tayari hauhitaji hata hicho.

Kivuli. Unahitaji saa 6 au zaidi za jua la moja kwa moja. Ukipungukiwa, hurefuka ukilitafuta. Kwenye joto kali sana kivuli chepesi cha alasiri hakidhuru, ila asubuhi lazima upate jua kamili.

Haujakatwa. Hili ndilo rahisi kurekebisha na ndilo linalowatisha watu bure. Wimbi la kwanza la maua likianza kufifia, kata kichaka kizima mpaka kibaki nusu, au hata theluthi moja ya kimo chake. Utaonekana umeuharibu. Baada ya wiki chache machipukizi hujaa kutoka chini, mafupi na manene, na mara nyingi maua hurudi. Mmea mchanga ubane ncha ukifika kama sentimita 15, matawi yaanze mapema.

Umezeeka. Shina mama la miaka 3 au 4 huwa gumu kama kuni katikati, machipukizi yakabaki pembeni tu. Lichimbue lote wakati wa ubaridi, mwanzoni au mwishoni mwa msimu wa ukuaji, ligawe kwa sepetu kali, tupa moyo mgumu, panda vipande vya pembeni kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 45.

Na mara nyingine mmea hauna kosa lolote. 'Walker's Low', aina ya mapambo iliyotangazwa na Perennial Plant Association ya Marekani kuwa mmea wa mwaka 2007, hununuliwa na watu wanaodhani ni fupi kwa sababu ya jina. Hufika sentimita 60 hadi 75. Irudishe nyuma ya mstari wa maua.

Mbegu hazioti, au miche inaanguka

Mbegu ni ndogo na zina ganda gumu. Zikifukiwa kwa kina hazitoki. Nusu sentimita ya udongo mwepesi ni nyingi tayari, na kuzibana tu juu ya udongo kisha kuzinyunyizia vumbi la mboji kunatosha. Joto la karibu nyuzi 20 za Selsiasi linazifaa. Zipe siku 7 hadi 20 kabla ya kukata tamaa, na katika muda huo tabaka la juu lisikauke hata mara moja. Mbegu ngumu huamshwa kwa kuzilaza usiku mmoja kwenye friza, kisha kuziloweka kwenye maji kwa saa 24, halafu kuzipanda siku hiyohiyo.

Zikiota, kisha miche ikawa myembamba shingoni na kulala, hicho ni kinyausi. Iliyoanguka haiinuki, iondoe pamoja na udongo unaoizunguka. Iliyobaki ipe hewa na mwanga, imwagilie kutokea chini, na mara nyingine usipande mbegu kwa kuzirundika. Usitumie tena udongo huo kwenye kitalu.

Kama mbegu zimekugomea kabisa, chukua vipandikizi. Kata ncha isiyo na maua yenye urefu wa sentimita 8 hadi 10, chini kidogo ya pingili, ondoa majani ya chini, ichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, mahali penye mwanga usio wa jua kali. Hushika mizizi kwa wiki chache. Kusema kweli, kwa anayehitaji mimea miwili mitatu tu, sioni sababu ya kuanza na mbegu.

Paka wameumaliza mmea

Hapa ndipo watu hukata tamaa, na ndipo kuelewa mmea kunasaidia kuliko uzio. Mafuta yenye nepetalaktoni, kemikali ya harufu inayowasisimua paka, hukaa kwenye vifuko vidogo sana vya majani. Jani zima hutoa harufu kidogo tu. Jani lililochubuliwa huitoa kwa wingi, paka wakaja, wakalitafuna, likatoa zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iwate nchini Japani walionyesha mwaka 2022 kwamba kutafuna na kuchana majani kunakofanywa na paka ndiko kunakoongeza harufu inayotoka. Kwa maneno mengine, mmea huwa hatarini zaidi siku ulipoushika.

Kisababishi cha kawaida, basi, ni kuhamisha miche. Umeishika, umeibana, umeifikicha bila kujua, na jioni hiyohiyo paka wa mtaa mzima wamekusanyika. Shika mche kwa bonge la udongo badala ya shina. Pandikiza siku ambayo utaweza kuufunika mara moja. Mbegu zilizopandwa moja kwa moja mahali pake mara nyingi hukua bila kugunduliwa mpaka kichaka kiwe na nguvu.

Kinga iliyo bora ni kikapu cha waya wa matundu ya sentimita 2 au 3, kilichopinduliwa juu ya mmea na kukazwa ardhini. Machipukizi hupenya juu, paka wanakula yanayojitokeza, na kitovu cha mmea kinabaki salama kuchipua tena. Paka wanapata sehemu yao, mmea unaishi. Mawe makubwa au vijiti vilivyochomekwa kuzunguka shina huwazuia wasilale juu yake. Chungu cha kuning'iniza hufaa kama ndoano imekazwa vyema, kwa maana paka mzito atakirukia.

Usimwage pilipili, naftalini wala dawa ya kufukuzia wanyama kuzunguka mmea ambao paka wataulamba. Naftalini ni sumu kwao. Wala usiupande karibu na chombo cha kulishia ndege, au kando ya matuta ya mboga ambayo hutaki yachimbwe.

Kama paka wageni wanapigana bustanini kila usiku, au paka wako amerudi na jeraha la meno, hamisha mmea ndani ya uzio au ubaki na wa chunguni. Jeraha la kuumwa ni la kupelekwa kwa daktari wa wanyama, kwani hufunga juu haraka na kutunga usaha chini ya ngozi.

Unga mweupe, madoa na wadudu

Unga mweupe juu ya majani unaofutika kwa kidole ni ubwiriunga. Kinyume na wanavyodhani wengi, hauhitaji majani yaliyolowa. Hupenda hewa yenye unyevu, msongamano na kivuli. Kata theluthi moja ya matawi ya ndani hewa ipite, ondoa majani yaliyoathirika, mwagilia chini asubuhi. Ukiwa umekwisha kuchanua, ukate wote mpaka chini. Unga wa salfa huzuia usienee, lakini huunguza majani kwenye joto kali, na sipendi kuutumia kwenye mmea unaokusudiwa kuliwa.

Madoa ya kahawia au meusi yenye ukingo wa njano husababishwa zaidi na kuvu au bakteria wanaorushwa na matone ya maji. Chuma majani hayo, acha kunyunyiza juu, weka nafasi kati ya mimea. Inatosha.

Vijidoa vidogo vya njano vingi kama vumbi, na nyuzi nyembamba kati ya majani wakati wa ukavu, vinaashiria utitiri mwekundu. Kung'uta tawi juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likitembea, umempata. Mnyunyize maji yenye nguvu chini ya majani, rudia kila baada ya siku 3 kwa wiki mbili, sababu mayai huendelea kuanguliwa. Vidukari na inzi weupe hutibiwa vilevile, na wakizidi tumia mililita 5 hadi 10 za sabuni laini ya maji kwa lita moja ya maji. Jaribu kwenye majani machache kwanza, pulizia jioni nyuki wakishaondoka, suuza asubuhi.

Wengi hushangaa kukuta vidukari kwenye mmea unaosifiwa kufukuza wadudu. Nepetalaktoni ni sehemu ya harufu ambayo jike la vidukari wa aina nyingi hutumia kuita dume, kwa hiyo haiwatishi. Jambo jema ni kwamba baadhi ya wadudu wanaowinda vidukari huvutwa na harufu hiyohiyo. Subiri siku chache kabla ya kupulizia.

Simama hapa kabla ya kushika kiuatilifu. Permethrini na dawa nyingine za kundi la pairethroidi ni hatari sana kwa paka, kwa sababu ini lao haliwezi kuzivunja ipasavyo. Zisiguse kabisa mmea ambao paka anaufikia. Paka akianza kutetemeka, kutoa udende au kuyumba baada ya dawa kutumika, mpeleke kwa daktari wa wanyama saa hiyohiyo pamoja na chupa ya dawa. Usimtapishe, usimpe maziwa.

Tahadhari nyingine inahusu mmea wa mapambo ulionunuliwa kitaluni. Unaweza kuwa ulipewa dawa inayosambaa ndani ya majani. Muulize muuzaji. Kama hajui, usimpe paka wala usinywe majani uliyokuja nayo. Subiri msimu mzima wa ukuaji kwanza.

Hauchanui, au umesambaa kila mahali

Mmea wa mbegu unaweza kumaliza mwaka wa kwanza bila maua ya maana. Ukivuka hapo bila kuchanua, rudi kwenye kivuli na mbolea. Sababu ya tatu ni kukata kwa kuchelewa, machipukizi yakakosa muda wa kufunga maua.

Ukienea kupita kiasi, huo ni *Nepeta cataria* unaojipanda kwa mbegu. Kata mashina ya maua kabla hayajakauka, ng'oa miche ingali na majani manne. Mizizi yake haitambai mbali kama ya mnanaa wa kawaida wa chai, hivyo si lazima kuifungia.

Sehemu zenye majira ya baridi kali, mashina hufa yote juu ya ardhi. Usiung'oe. Kwaruza kitovu kwa kucha. Rangi ya kijani au nyeupe yenye unyevu ina maana utachipua joto likirudi.

Majani makavu hayana harufu

Uliyakausha juani au kwa joto kubwa. Mafuta yamepotea hewani. Kata mashina mmea unapochanua, asubuhi umande ukishakauka, funga mafungu madogo, yaning'inize kichwa chini mahali penye giza na hewa kwa wiki 1 hadi 2. Kwenye mashine ya kukaushia usivuke nyuzi 40 za Selsiasi. Jani likivunjika kwa mlio na kikonyo kikakatika bila kupinda, limekauka.

Kama ulikausha vizuri na bado harufu ni hafifu, huenda uliyasaga mapema. Hifadhi majani mazima kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, gizani, uyafikiche siku ya kuyatumia. Yakinuka ukungu au ukiona manyoya ya kijivu, tupa yote, pamoja na yanayoonekana salama.

Paka hajali, au amezidisha

Kabla ya kulaumu mmea, angalia umri. Kitoto cha paka kwa kawaida hakiitikii, na mwitikio hukomaa karibu na miezi 6. Kisha fikiria urithi: kiasi cha theluthi moja ya paka hawaitikii maisha yao yote. Sababu ya tatu ni kuchoka kwa pua. Msisimko huchukua kama dakika 5 hadi 15, baada ya hapo paka hahisi kitu kwa nusu saa au zaidi hata umwekee rundo. Paka asiyeitikia kabisa anaweza kujaribiwa *Actinidia polygama*, mmea unaotambaa wa Asia ya mashariki. Katika utafiti wa paka 100 uliochapishwa mwaka 2017, karibu robo tatu ya wasiojali mnanaa waliuitikia.

Kutapika mara moja au kuharisha kidogo baada ya kula majani mengi hupita kwa kuyaondoa na kumwachia maji. Akitapika mfululizo, akilegea, akikataa chakula kutwa nzima, au akipumua kwa shida, huo si mchezo wa mnanaa tena, mwone daktari. Paka anayegeuka mkali akinusa, mnyime. Usimpe mafuta yaliyokamuliwa, wala kumpaka; nguvu yake ni kubwa mno kulinganisha na jani.

Nimeupanda lakini mbu wapo

Mmea uliosimama tu hautoi harufu ya kutosha kufukuza mbu barazani. Nepetalaktoni inawakera kweli, lakini lazima majani yafikichwe, na hata hivyo hupeperuka upesi. Ukitaka kuyasugua mwilini, jaribu kwanza kwenye sehemu ndogo ya mkono usubiri siku moja. Palipo na magonjwa yanayoenezwa na mbu, chandarua na dawa iliyothibitishwa vibaki pale pale.

Chai ni chungu, au inaleta usumbufu

Uchungu hutokana na kuichemsha. Epua maji, tia kijiko kimoja cha chai cha majani makavu kwa kikombe, funika dakika 10, chuja. Ladha ikifanana na nyasi kavu, majani ni ya zamani.

Huweza kuleta usingizi, kwa hiyo usiinywe kabla ya kuendesha gari, wala pamoja na dawa za usingizi bila kumuuliza daktari. Mjamzito asiinywe. Mtoto mchanga asipewe, hata kama kuna anayesema hutuliza tumbo. Anayengoja upasuaji amweleze daktari mapema kwamba huitumia. Kikombe kikifuatwa na kichwa kuuma au kichefuchefu, acha na usijaribu tena kwa kipimo kidogo. Ukipata vipele, midomo kuvimba au kifua kubana, nenda hospitali mara moja, ukichukua tawi la mmea uliotumia ili wautambue.